Bustani ya Ahabu Sokoni



Mfalme Ahabu hakumnyang'anya Nabothi shamba ili ajenge gereza. Alitaka bustani ya mboga! Basi tusipumbazwe na rangi ya kijani.

Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hata Bungeni, jengo halikusimama. Januari 1999 alipigwa hadi akavuja damu kichwani, akienda kupanda miche Karura. Karura ungali msitu. Miti hiyo ililindwa na raia, tena dhidi ya serikali yao.

Leo serikali yenyewe inahubiri miti. Hata iliifanya Novemba 13, 2023 kuwa likizo ya kupanda. Vema. Lakini kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kina amri kadhaa, zikiwemo hizi mbili: miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na wananchi wahimizwe kushiriki katika kuyatunza mazingira. Wakubwa huikariri ya kwanza; ya pili huiruka.

Mama auzaye mboga Chwele huchomwa na jua mchana kutwa. Nani ajuaye kuliko yeye mahali panapohitaji kivuli? Akifukuzwa ili mji upendezwe, huyo ni Nabothi wetu.

Twadai baraza la hadhara, siku ya soko, kabla ya jembe la kwanza: miti ipi, wapi, itamwagiliwa na nani, na wachuuzi wataketi wapi. Makanisa nayo yafungue viwanja vyao.