Korea ya Kusini: Utajiri Umefika, Mioyo Je?

Wapo wengi, hata miongoni mwa wasomi, ambao wakitafuta mfano wa nchi iliyotoka katika ufukara na kufikia utajiri ndani ya kizazi kimoja huitaja Korea ya Kusini. Husifu meli zake, magari yake na vyombo vyake vya umeme. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza utajiri huo umeufanyia nini mwili wa Mkorea aliyeuzalisha. Jibu limo katika uchunguzi wa afya na lishe ambao serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiuendesha tangu mwaka 1998, kwa kuwapima wananchi uzito, shinikizo la damu na lehemu, na kuwauliza wanakula nini na kama wanavuta sigara.

Hapana shaka kwamba wazee wamenufaika. Bima ya afya, iliyoanza mwaka 1977 kwa wafanyakazi wa makampuni makubwa, iliwafikia wananchi wote mwaka 1989. Mzee mwenye shinikizo la damu siku hizi aghalabu anajua kuwa analo, na anameza dawa. Vifo vitokanavyo na kiharusi vimepungua sana. Chumvi nayo, ambayo Mkorea huipata katika kimchi na supu za kila mlo, imepungua: mwaka 2010 kila mtu alikuwa akila zaidi ya miligramu 4,800 za sodiamu kwa siku, na kufikia mwaka 2020 zilikuwa zimeshuka hadi 3,200 hivi, ingawa kiwango hicho bado kinapita miligramu 2,000 zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Habari ya sigara inafundisha zaidi. Mwaka 1998, karibu wanaume wawili katika kila watatu walikuwa wavutaji, ilhali wanawake hawakufika mmoja katika kumi. Wala si ajabu. Shirika la tumbaku lilikuwa la umma hadi lilipobinafsishwa mwaka 2002, na jeshini, ambako kijana wa kiume hulazimika kutumikia, sigara za bei nafuu zisizo na kodi zilipatikana hadi mwaka 2009. Dola iliyomfundisha kijana kuvuta ndiyo iliyokuja kumsihi aache! Hata hivyo ilichukua hatua. Januari 2015 bei ya pakiti ilipandishwa kutoka won 2,500 hadi 4,500, na kufikia mwaka 2020 wavutaji walikuwa wamebaki kama theluthi moja ya wanaume.

Lakini mwanamume huyo huyo aliyeacha sigara amenenepa. Kwa kipimo cha Korea, ambacho ni kikali kuliko cha Shirika la Afya Duniani, wanaume wanene walikuwa robo mwaka 1998. Mwaka 2020 walikaribia nusu. Wanawake wamebaki palepale kwenye robo hivi. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa uvivu wa wanaume, maana wanaoongoza kwa unene ni watu wa miaka 30 hadi 50, nguvukazi ya taifa. Hadi sheria ya mwaka 2018 ilipoweka kikomo cha saa 52, juma la kazi liliweza kufika saa 68. Wakorea wana neno lao, gwarosa, maana yake kifo cha kufanyishwa kazi kupita kiasi, na aghalabu kifo hicho ni cha moyo au cha mishipa ya ubongo. Kazi ikiisha, mkubwa wa ofisi huwaita wote kwenye nyama ya kuchoma na soju, na mdogo hana ujasiri wa kukataa. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze chakula na afanye mazoezi ni kumdhihaki. Anayestahili kuambiwa ni mwajiri wake.

Aidha, kijana hapimwi vya kutosha. Hadi mwaka 2019, walio kati ya miaka 20 na 39 wanaotegemea bima ya jamaa zao hawakuwamo katika upimaji wa taifa wa kila miaka miwili. Ndiyo maana miongoni mwa vijana wenye shinikizo la damu, wanaojua kuwa wanalo hawajafika nusu.

Mwanamke naye hulindwa na maumbile hadi hedhi inapokoma. Baada ya miaka 50 lehemu yake humpita mwanamume, na baada ya 70 shinikizo la damu humpita pia. Wakati huo wengi ni maskini, kwani umaskini wa wazee nchini humo ni mkubwa kuliko katika nchi nyingi za viwanda. Zaidi ya hayo, Wakorea wanao ugonjwa wauitao hwabyeong, yaani ugonjwa wa moto, utokanao na hasira iliyomezwa kwa miaka mingi. Dalili zake ni joto mwilini na kifua kubana, na hutajwa zaidi kwa wanawake wa makamo. Hatari yake iko wazi. Bibi anayelalamika kwamba kifua kinambana anastahili kupimwa moyo kwanza, ndipo aulizwe ni nani aliyemkasirisha.