Baiskeli juu ya keria
Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Lakini safari ya matatu kutoka Nairobi huharibu baiskeli zaidi kuliko njia za hifadhini. Kabla ya kuipandisha kwenye keria, fungua pedali kwanza. Ya kushoto hufunguka kwa kufuata mishale ya saa, na anayelazimisha kinyume huua skrubu. Baiskeli ilazwe upande usio na mnyororo, maana chuma kinachoshika gia ya nyuma kikipinda hata kidogo, gia zitarukaruka siku nzima. Ukitoa gurudumu lenye breki za diski za mafuta, chomeka kipande cha katoni kati ya pedi. Bila hicho, mtu akiminya breki pedi zitabanana na gurudumu halitaingia. Tena panda mwenyewe juu ya matatu ukaifunge baiskeli, usimwachie makanga.