Debe la Kahawa na Mkono wa Mtoto



Wako watu wanaosema kwamba kazi ya watoto si jambo la chama cha wafanya kazi, ati ni jambo la wazazi na machifu. Sisi watu wa reli hatukubali. Mtoto akifanya kazi ya mtu mzima, mtu mzima naye hulipwa kitoto.

Sheria tunazo. Kenya iliuridhia Mkataba Nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 ameruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Karatasi si haba.

Lakini twende shambani. Kahawa huchumwa kwa debe. Kibarua hahesabiwi saa, huhesabiwa madebe aliyojaza. Basi mama akija na watoto watatu, debe linajaa upesi, na jina liandikwalo kitabuni ni la mama peke yake. Mkaguzi wa kazi akifungua kitabu hicho haoni mtoto hata mmoja. Mwenye shamba atasema hakuajiri mtoto, na kwa karatasi ni kweli. Aliyemwajiri ni debe. Tena kwa kuwa debe hujazwa na watu wanne, malipo yake hayapandi, maana watu huonekana wanamudu!

Sasa tunasikia habari za biashara ya haki. Alama yake ya kwanza ilianza Uholanzi mwaka 1988, kwa kahawa. Mnunuzi hulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango, na juu yake ziada ambayo wanachama wa ushirika huamua mkutanoni itumike wapi, wengine wakajenga madarasa. Mwaka 2019 bei ya New York iliposhuka chini ya dola 1 kwa ratili, kiwango hicho kwa arabika iliyooshwa kilikuwa dola 1.40, na ziada senti 20. Hili si dogo. Mkulima asiyekabwa na bei aweza kumlipa kibarua mzima, akamwacha mtoto shuleni.

Hata hivyo tusidanganyane. Faida hiyo ni ya kahawa iliyonunuliwa kwa alama tu, si ya gunia zote. Na kibarua wa msimu si mwanachama wa ushirika, hana kura juu ya ile ziada. Nani atamsemea?

Kwa hiyo twaomba tawi letu liwaunge mkono ndugu zetu wa mashambani wadai malipo ya siku ambayo hayashuki hata debe likipungua, na wakaguzi waje penye miti wakati wa kuchuma, wasiishie ofisini. Jambo hili liwekwe katika mkutano ujao, kabla msimu wa Oktoba haujaanza.