Ubanaji wa Video za Masomo: Uamuzi wa Kiufundi Wenye Gharama kwa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo. Hatua hiyo imepanua nafasi ya masomo ya video shirikishi, ambayo humwezesha mwanafunzi kujibu swali, kurudia sehemu au kuchagua hatua inayofuata. Hata hivyo, manufaa ya masomo hayo yanategemea jambo ambalo mara nyingi huachwa mikononi mwa mafundi pekee, nalo ni namna video inavyobanwa.

Dakika moja ya video ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye picha 25 kwa sekunde, ingechukua zaidi ya gigabaiti 9 iwapo isingebanwa. Programu ya kubana hupunguza mzigo huo kwa kuhifadhi picha kamili chache na, katikati yake, kuandika mabadiliko tu.

Kwa video shirikishi, utaratibu huo una changamoto. Mwanafunzi anapobonyeza kitufe ili arudie swali, kifaa hulazimika kuanzia kwenye picha kamili iliyotangulia. Picha hizo zikiwa mbalimbali mno, video huchelewa kuitika. Zikiwa nyingi mno, faili huongezeka ukubwa. Programu huria ya FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000, humwezesha msanidi kuamuru picha kamili ziwekwe mahali penye maswali.

Suala la pili ni muundo wa faili. H.264, ulioidhinishwa mwaka 2003, huchezwa na karibu kila simu janja. H.265 wa mwaka 2013 ulilenga kupunguza ukubwa kwa takribani nusu bila kushusha ubora, lakini mrabaha wake hudaiwa na makundi kadhaa ya wamiliki wa hataza. AV1, uliotolewa mwaka 2018 na muungano unaojumuisha Google, Mozilla na Netflix, ulikusudiwa usitozwe mrabaha. Ila katika vifaa vya zamani huelemea kichakato na kumaliza betri haraka.

Athari za maamuzi haya zinapimika. Somo la dakika 10 linalotumia kilobiti 1,000 kwa sekunde lina megabaiti 75. Wanafunzi 40 wakilipakua kila mmoja kwa simu ya nyumbani, jumla ni gigabaiti 3. Likibanwa hadi kilobiti 500, nusu ya gharama hiyo hubaki mfukoni mwa mzazi.

Kwa msingi huo, taasisi ya umma inayoagiza masomo ya video haina budi kuyataja masuala haya katika mkataba: nakala ya H.264 kwa vifaa vyote, nakala ya AV1 kwa vifaa vinavyoimudu, na majaribio katika simu ya bei nafuu yenye mtandao dhaifu kabla ya kazi kupokelewa. Somo lisilofunguka kijijini halijamfikia mlengwa, hata likiwa na picha ang'avu kiasi gani.