Plagi ya moto si dawa, wanangu

Kuna neno moja la steji linaniudhi sana: "weka plagi ya moto." Nduthi inakohoa, asubuhi haitaki kuwaka, plagi ikitolewa ni nyeusi tititi. Fundi anasema weka ya moto, itachoma huo uchafu. Na kweli, wiki mbili tatu nduthi inaenda, ndio maana watu wanaamini. Mimi nasema hiyo ni panadol.

Sikizeni. Umoto na ubaridi wa plagi hauhusiani na ukali wa cheche, wala hauongezi spidi. Ni ile kaure nyeupe ya ndani. Ikiwa ndefu, joto linachelewa kutoka kwenye ncha kwenda kwenye kichwa cha injini, basi hiyo ni plagi ya moto. Ikiwa fupi, joto linatoka haraka, hiyo ni baridi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 za Selsiasi ndio ijichome masizi yenyewe. Ikipita 800 hivi inageuka kaa: petroli inawaka kabla cheche haijapigwa, pistoni bado iko njiani kupanda. Wale wa vigari vya rimoti vya nitro wanakesha mtandaoni wakibishana jambo hilihili, na plagi yao haina hata cheche, ni kijiwaya tu kinachong'aa. Sisi tuna abiria wawili nyuma na gunia mbele, na namba hatusomi.

Chukua mtu wa steji Kisauni. Safari zake fupifupi, Bombolulu mpaka Mtopanga, simama, subiri, washa na choki, simama tena. Wa Likoni naye injini inanguruma polepole kwenye foleni ya feri. Ncha haipati joto, masizi lazima. Hapo plagi ya moto itaonekana kama imefanya kazi. Sasa nduthi hiyohiyo mpe jamaa wa Changamwe anayevusha mzigo kutoka Miritini kutokea upande wa Kwale kupitia Dongo Kundu: barabara safi, eksileta mpaka mwisho, jua la saa saba. Ncha inapita kiwango chake, injini inaanza kugonga kama kopo la misumari, na mwisho wake ni pistoni yenye shimo. Msenangu, nduthi nyingi hapa ni za mkopo. Injini ikiwa chini gereji, malipo ya kila siku hayasimami.

Na namba zenyewe ni mtego. NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Champion na Bosch ni kinyume, namba kubwa ndio ya moto. Kwa hivo yule wa duka anayekwambia "namba kubwa ndio kali" anakuuzia bahati nasibu. Injini nyingi za Kichina za mtindo wa Honda CG125 zinatumia NGK D8EA. D ni unene wa uzi, milimita 12. 8 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa uzi, milimita 19. D7EA inaingia tundu lilelile bila shida yoyote, lakini ni ya moto zaidi. Denso ya kiwango sawa na D8EA inaandikwa X24ES-U, na hiyo 24 haimaanishi imeizidi 8 mara tatu. Boxer na TVS fuateni kitabu cha pikipiki, msiazime namba ya jirani.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni huu: plagi nyeusi ni barua, na sisi tunaichoma bila kuisoma. Masizi makavu? Angalia filta ya hewa kwanza, na vumbi la Magongo mnalijua wenyewe. Filta ikiziba, petroli inazidi hewa. Au kabureta imefunguliwa vibaya, au choki haijarudi. Nyeusi yenye mafuta, hiyo ni oili inapanda, ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo hata uweke plagi ya dhahabu. Nyeupe yenye vipele, injini inapikwa: hewa inaingia mahali haifai, au plagi ni ya moto kupita kiasi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, funga urudi kazini.

Najua jibu lenu: plagi ni bei rahisi, kusafisha kabureta ni hela na nusu siku bila abiria. Sawa. Hesabuni basi plagi ngapi mmenunua tangu Ramadhani, kisha ongezeni pistoni, ringi na siku ambazo nduthi imelala. Filta ya sponji inaoshwa kwa sabuni, inakauka kivulini, inapakwa oili kidogo. Mnaifanya wakati mnasubiri abiria.

Na fundi akitoa plagi ya zamani, mwambie akupe mkononi uitazame, kabla hajafungua kisanduku cha mpya.