Usitoke dirishani bila jina la dawa

Mzazi, fungua kopo au kabati unalowekea dawa za watoto. Je, kila kidonge kilichomo kina jina?

Nauliza kwa sababu niliwahi kumpokea mtoto wa huku Machame akiwa na homa, macho mekundu yaliyovimba, vidonda mdomoni na malengelenge kifuani. Nyumbani walidhani ni surua. Wakamweka ndani siku tatu, huku wakiendelea kumpa vidonge alivyonunuliwa kwa ajili ya kikohozi. Nilipomwuliza mama ni dawa gani, alifungua pindo la kitenge akatoa kibahasha cha kaki. Kiliandikwa "1x2" tu.

Hali ile huitwa sindromu ya Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioieleza mwaka 1922 baada ya kuwatibu watoto wawili wa kiume. Mara nyingi chanzo chake ni dawa. Kinga ya mwili huigeukia ngozi pamoja na utando laini wa macho, mdomo na sehemu za siri, na ngozi hubambuka kama ya mtu aliyeungua. Huwapata wachache sana, kwa kawaida kati ya siku 4 na 28 tangu kuanza dawa, lakini inaweza kuua au kuacha upofu.

Watanzania wengi tunaikumbuka kupitia SP. Ilipochukua nafasi ya klorokwini katika kutibu malaria mwaka 2001, wazazi wengi waliiogopa kwa sababu ya habari za watu waliobabuka. Hofu ile haikuwa ya bure, maana SP ina salfa. Kosa letu ni kwamba tulijifunza kuogopa jina moja tu. Mzazi yule yule aliyeikataa SP humpa mtoto Septrin bila wasiwasi, nayo ina salfa. Fenobabito na kabamazepini za kifafa, na nevirapini ya VVU, nazo zinaweza kuleta madhara haya.

Sisemi uziogope. Septrin imeokoa watoto wengi, na kifafa kisichotibiwa nacho huua. Ninachosema ni kwamba dawa isiyo na jina ni hatari kuliko dawa yenye sifa mbaya. Tiba ya kwanza ya tatizo hili ni kuacha mapema dawa iliyolileta. Tusipoijua, tunabahatisha, na mwakani mtoto anaweza kupewa tena dawa ile ile katika duka jingine.

Wapo wauzaji wanaoniambia kwamba kuandika jina kunachelewesha foleni. Sikubaliani nao. Kuandika neno moja hakumalizi hata nusu dakika. Basi wewe usiondoke dirishani mpaka liandikwe, na usimpe mtoto dawa iliyobaki kwa jirani.

Ukiona homa pamoja na vipele vinavyouma, malengelenge, macho mekundu au vidonda mdomoni baada ya dawa, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na dawa zote alizotumia, hata za kienyeji. Kama ni dawa ya kifafa au ARV, usikae nyumbani ukiwa umeisimamisha mwenyewe. Daktari ataamua mbadala. Usimpake mafuta wala kupasua malengelenge. Mwombe pia mhudumu atume taarifa ya madhara hayo TMDA.

Mtoto yule alipona. Siku ya kumruhusu nilichukua kadi yake nimwandikie dawa ambayo asipewe tena maishani. Niliandika "haijulikani". Mama yake akiingia duka lolote la dawa leo, hana jina la kumtajia muuzaji.