Deni la Taifa na Wajibu wa Mtawala



Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huulizwa swali ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: je, ni halali Rais wa nchi kufikiria kusitisha malipo ya deni la taifa? Wapo wanaojibu upesi kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba asiyelipa ni mwizi. Mimi nasema kwamba hapa Kenya, mtawala anayekataa hata kulifikiria jambo hilo ndiye anayeukosea wajibu wake.

Tutazame mambo yalivyo. Mwaka 2014 Serikali iliuza katika masoko ya nje hati za mkopo wa miaka 10, za dola bilioni 2, kwa riba isiyofika asilimia 7. Muda wa kulipa ulipokaribia, Februari 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama inayozidi asilimia 10 kwa mwaka ili ilipe deni la kwanza. Kulipa deni kwa deni lililo ghali zaidi si kulipa. Ni kumwachia mtoto mzigo mzito kuliko ule tuliorithi. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ukaja Mswada wa Fedha, ambao hapo kwanza ulitaka kutoza kodi hata mkate. Tarehe 25 Juni vijana waliuawa kwa risasi barabarani, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Siku chache baadaye alilieleza taifa mwenyewe kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, shilingi 61 huenda kulipa madeni.

Someni tena sura ya tano ya Kitabu cha Nehemia. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wakatiwa utumwani. Nehemia alikuwa liwali, yaani mtawala. Hakuwaambia kwamba mkataba ni mkataba. Aliwakemea wakubwa mbele ya mkutano, akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, kisha akadai mashamba yarudishwe. Kanisa nalo limefundisha hivyo. Katika waraka wake wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alikubali kwamba madeni hupaswa kulipwa, lakini akakana kwamba ni haki kuyadai pale ambapo malipo yanawasukuma watu wote kwenye njaa na kukata tamaa. Kwa Jubilei ya 2025 Papa Fransisko aliziomba tena nchi tajiri zizisamehe nchi zisizoweza kulipa.

Watasema kwamba wakopeshaji nao wana haki zao. Ni kweli. Lakini kwa nini mwaka 2024 walitudai asilimia 10, hali nchi tajiri zilitozwa nusu ya hiyo au pungufu? Wao wenyewe hujibu kwamba Kenya huenda ikashindwa kulipa. Basi wamekwisha kulipwa bei ya hatari hiyo mwaka baada ya mwaka. Atozaye bei ya hatari hawezi kudai kwamba hatari isimfikie kamwe, na kwamba imwangukie mama auzaye mboga sokoni.

Watasema pia kwamba milango ya mikopo itafungwa. Hapa tusidanganyane. Zambia ilisimamisha malipo Novemba 2020, na mapatano na wenye hati zake hayakukamilika hadi 2024; miaka hiyo ilikuwa migumu. Tena sehemu kubwa ya deni la Kenya ni la hapa nyumbani, na ndani yake mna akiba za uzeeni za walimu na wafanyakazi. Kuliponda lote kwa nyundo moja kungekuwa kuwanyang'anya wajane.

Kwa hiyo pawepo utaratibu. Kwanza, deni likaguliwe hadharani. Mkataba wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyogharimu zaidi ya dola bilioni 3, ulitiwa sahihi mwaka 2014, na wananchi hawakuonyeshwa sehemu yake yoyote rasmi hadi 2022. Katika parokia, mweka hazina asiyeleta risiti ya saruji huondolewa. Je, wa taifa aachwe? Ekwado ilifanya ukaguzi wa namna hiyo, ikakataa kulipa baadhi ya hati zake mwaka 2008, na mwaka 2009 ikazinunua nyingi kwa takriban theluthi ya thamani yake. Pili, akiba za wanyonge zilindwe. Tatu, Rais aende mezani mapema, kabla hazina haijakauka, akiwa na uhuru wa kusema hapana. Mwenye kuapa kwamba atalipa lolote atakalodaiwa hana la kujadiliana.

Viongozi wa walei, Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Ibara ya 43 inataja afya na chakula kuwa haki za kila mtu. Someni Ibara hizo katika jumuiya zenu. Kisha mwiteni mbunge wenu, mumwulize mbele ya watu: ni mkopo upi aliupitisha, ulijenga nini, na karatasi zake ziko wapi?